Jana Lilikuwa Likifanya Kazi

Katika kazi ya kompyuta kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi karibu sawa na salamu. Ripoti iliyozoeleka imegoma kutoka, fundi ameitwa, na kabla hajavuta kiti anaambiwa: "Mbona jana ulizo hili lilikuwa likifanya kazi?" Hapo shauri limekwisha katwa. Mshitakiwa ni toleo jipya la programu, shahidi ni jana, na hukumu ni kurudisha toleo la zamani au kuzima kile kinachopiga kelele. Ninaandika sura hii kuipinga hukumu hiyo. Ninasema kwamba mara nyingi ulizo linalokataliwa na toleo jipya halikuwa likifanya kazi hata hiyo jana. Lilikuwa likijibu tu, na kujibu ni jambo jepesi. Hata mwongo hujibu.

Msomaji asiye wa fani hii asitishike na maneno. Hifadhidata ni daftari kubwa lililomo ndani ya kompyuta, lenye majedwali ya mistari na safu, kama leja ya duka. Ulizo ni sentensi unayoiandikia hifadhidata ukitaka ikutolee kitu: nipe majina ya wanaodaiwa, nijumlishie mauzo ya mwezi. Sentensi hizo huandikwa kwa lugha iitwayo SQL, ambayo chimbuko lake ni maabara ya IBM ya San Jose, California, katika miaka ya 1970, na ambayo ilipata kiwango rasmi nchini Marekani mwaka 1986 na kiwango cha kimataifa mwaka 1987. Programu zinazoielewa ni nyingi, kama MySQL, PostgreSQL na Oracle, na kila moja hutolewa toleo baada ya toleo. Ulizo lililoandikwa kwa toleo la miaka kumi iliyopita huenda likaulizwa leo katika toleo jingine kabisa. Hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

Tuchukue mfano wa chama cha kuweka na kukopa. Katika jedwali lake, mwanachama nambari 114 ana mistari mitatu: tarehe 31 Januari salio lake lilikuwa shilingi 40,000, tarehe 31 Machi likawa 250,000, tarehe 30 Juni, baada ya kutoa fedha za ada ya mtoto, likabaki 90,000. Meneja anataka ripoti fupi: kila mwanachama, tarehe yake ya mwisho, na salio lake. Fundi anaandika ulizo. Anaiambia hifadhidata ikusanye mistari kwa nambari ya mwanachama, ambayo ndiyo kazi ya maneno GROUP BY, kisha itoe tarehe iliyo kubwa kuliko zote, kisha itoe salio.

Likisomwa haraka, linasikika sawasawa. Hebu lisome tena polepole. Tarehe iliyo kubwa kuliko zote ni moja tu, haina utata. Lakini salio lipi? Mistari ni mitatu na masalio ni matatu, na ulizo halikusema lipi linatakiwa. Karani wa zamani mwenye kalamu sikioni angenyanyua uso akauliza, "La mwezi gani, bwana?" MySQL katika matoleo yaliyotangulia 5.7, kwa mipangilio yake ya kawaida, haikuuliza. Ilichukua salio la mstari wowote katika kundi, mara nyingi ule iliokutana nao kwanza, ikalibandika kando ya tarehe ya mwisho. Ripoti ikatoka imeandikwa: nambari 114, tarehe 30 Juni, shilingi 40,000. Tarehe ni ya Juni na fedha ni za Januari. Mstari wa namna hiyo haupo popote katika daftari la chama. Umezaliwa ndani ya ripoti.

Oktoba 2015 likatoka toleo la 5.7. Ndani yake kanuni iitwayo ONLY_FULL_GROUP_BY, ambayo hapo kabla ilikuwapo kwa hiari ya mtu, sasa iliwashwa tangu mwanzo. Kanuni hiyo inasema kwamba katika ulizo la makundi usiombe safu ambayo haikutumika kugawa makundi, wala haikujumlishwa au kuhesabiwa kwa namna fulani, wala thamani yake haiamuliwi na ile iliyogawa makundi. Kwa maneno ya mtaani: usiombe kitu kimoja mahali penye vitu vitatu bila kusema kipi. Ulizo la mwanachama 114 likakataliwa kwa kosa nambari 1055. Simu zikalia, na maneno yakawa yale yale: toleo jipya limetuharibia ripoti.

Nauliza, limeharibu nini? Limefanya kile ambacho karani mwaminifu angefanya. Limenyanyua uso likauliza, "La mwezi gani, bwana?" Nasi tunataka kumfukuza karani kwa kuuliza.

Tazama dawa zinazotumika. Ya kwanza, na ndiyo inayopendwa kuliko zote, ni kuifuta kanuni hiyo katika mipangilio ya seva. Ni kazi ya dakika moja. Kosa linatoweka, ripoti inatoka, kila mtu anakwenda kunywa chai. Kilichofanyika hapo ni kumziba mdomo shahidi. Tena kanuni haikuzimwa kwa ulizo lile moja tu. Imezimwa kwa maulizo yote ya seva hiyo, yaliyoandikwa na yatakayoandikwa, hata ya kijana atakayeajiriwa mwakani ambaye hatajua kwamba mlinzi wa nyumba alikwisha fukuzwa kabla yeye hajafika.

Dawa ya pili ni ya ujanja zaidi. Toleo hilo hilo la 5.7 lilileta kifaa kiitwacho ANY_VALUE, na maana ya jina lake ni "thamani yoyote". Kina matumizi yake halali, pale unapojua kwamba mistari yote ya kundi ina thamani ile ile. Lakini wapo wanaokizungushia salio ili kosa liondoke. Watu hawa wanatia sahihi maneno ambayo hawajayasoma. Wameiandikia hifadhidata, kwa hati yao wenyewe, kwamba wampe mwanachama salio lolote lile. Nani kati yao angekubali benki imtendee hivyo?

Dawa ya tatu ilikuwa desturi ya miaka mingi. Fundi alipanga kwanza mistari ndani ya ulizo dogo, tarehe ya karibuni ikitangulia, kisha ulizo kubwa likakusanya makundi kwa matumaini kwamba mstari wa kwanza ndio utakaochukuliwa. Katika matoleo ya zamani ya MySQL hila hii ilionekana kufaulu. Katika 5.7 programu ilianza kuunganisha ulizo la ndani na la nje kuwa kitu kimoja, na mpango ule wa ndani ukapuuzwa. Kwa hiyo aliyezima kanuni na kutegemea hila yake ya zamani aliadhibiwa mara mbili: kosa halikuonekana tena, na majibu yakageuka kimyakimya. Huyu ndiye aliyelalamika kuliko wote, na ndiye aliyekuwa na haki ndogo kuliko wote, kwa maana hakuna mahali alipoahidiwa kwamba mpango ule utaheshimiwa.

Njia iliyonyooka haina ajabu yoyote. Kwanza tafuta tarehe ya mwisho ya kila mwanachama. Kisha rudi kwenye daftari, ukachukue salio la mstari wenye tarehe hiyo. Na kama mtu aliweka fedha mara mbili siku moja, basi sema wazi ipi ni ya mwisho, kwa nambari ya stakabadhi au kwa saa. Ni mistari michache zaidi ya kuandika. Tofauti ni kwamba sasa ulizo linasema kile ambacho meneja alikuwa akikitaka.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya MySQL peke yake. Sivyo. Chukua suala la mpangilio wa majibu. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM, alichapisha mwaka 1970 makala ambayo ndiyo msingi wa hifadhidata hizi zote, na humo alieleza kwamba mfuatano wa mistari katika jedwali hauna maana yoyote. Ukitaka mfuatano, uombe. Ndiyo kazi ya ORDER BY. Ni sheria iliyo wazi kama mchana. Lakini kwa miaka mingi Oracle ilikuwa ikipanga mistari ili kupata makundi, hivyo majibu yakatoka yamepangika bila kuombwa, na mafundi wakaacha kuomba. Mwaka 2005, katika toleo la 10g Release 2, Oracle ikaanza kutumia njia nyingine ya haraka zaidi ya kukusanya makundi, isiyopanga chochote. Ripoti zikavurugika. MySQL nayo iliendelea kupanga makundi bila kuombwa hadi 5.7, ingawa maelezo yake yaliwaonya watu wasitegemee jambo hilo, katika 8.0, iliyotolewa rasmi Aprili 2018, mazoea hayo yakaondolewa. Miaka 13 baada ya somo la Oracle, watu wengine walilia kilio kile kile. Aliyepewa nyongeza kwa miaka kadhaa bila mkataba hukasirika siku isipokuja, akasema ameibiwa mshahara.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa PostgreSQL. Kabla ya toleo la 8.3, lililotoka Februari 2008, programu hiyo ilikuwa na ukarimu wa kupita kiasi. Ukilinganisha vitu vya aina mbili visivyolingana, tarehe na namba kwa mfano, ilivigeuza vyote kuwa maandishi pasipo kukuambia, kisha ikavilinganisha kama maneno ya kamusi. Waundaji wenyewe walitoa mfano katika maelezo ya toleo hilo. Mtu anataka kujua kama leo ni kabla ya tarehe 17 Novemba 2017. Anaandika 2017-11-17 bila kuifunga kwa alama za kunukuu. Pasipo alama hizo, kompyuta haioni tarehe. Inaona hesabu ya kutoa: 2017 kutoa 11, kutoa 17, jibu lake 1989. Kisha tarehe ya leo na hiyo 1989 hugeuzwa maandishi na kulinganishwa tarakimu kwa tarakimu. Mtu akiuliza katika mwaka 2008 alijibiwa "hapana", kwa kuwa maandishi yanayoanza na 2008 huja baada ya yale ya 1989. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba 2008 iko kabla ya 2017, lakini kompyuta ilijibu kinyume, kwa utulivu, bila kuhangaika.

Toleo la 8.3 likakataa upuuzi huo. Likasema: tarehe na namba havilinganishwi, niambie unataka nini. Je, walishukuriwa? Wapo waliojiandikia upya migeuzo ile kwa mikono yao, ili ukimya uliozoeleka urudi. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, nasi tumevumbua namna ya kuuficha hata daktari akiwa mlangoni.

Sasa niwasikilize wapinzani, maana hoja zao si za kijinga zote. Wa kwanza anasema: "Ndugu, mishahara inalipwa Ijumaa. Maulizo yako 600. Sina nafasi ya falsafa." Ninamwelewa. Kuzima kanuni kwa juma moja ili watu wapate mishahara ni jambo la busara, mradi liandikwe, litiwe jina la aliyelifanya na tarehe ya kuliondoa. Ninachokipinga ni lile juma moja lisilokwisha. Nimeona mipangilio ya muda iliyoishi kuliko waliyoiweka. Wala kukaa kwenye toleo la zamani si maficho: MySQL 5.7, ambayo watu waliiona ngeni na kali, yenyewe ilifikia mwisho wa huduma ya waundaji wake Oktoba 2023. Anayekimbia toleo jipya leo atalikuta njiani kesho, na deni litakuwa limezaa riba.

Wa pili anasema: "Waundaji nao hukosea. Si kila kinachovunjika ni dhambi ya mwandishi wa ulizo." Hilo ni kweli tupu. Mwaka 2018 toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya mifumo mingi ya Linux, lilibadilisha kanuni za kupanga maneno kialfabeti. Hifadhidata za PostgreSQL zilizotegemea kanuni hizo zilikuwa na faharasa zilizopangwa kwa kanuni za kale. Mashine ilipopandishwa toleo, faharasa iliyopangwa kwa kanuni moja ikawa inasomwa kwa kanuni nyingine, na jina lililomo kwenye jedwali likaweza kutafutwa lisionekane. Hapo ulizo halikuwa na hatia hata kidogo. Dawa ilikuwa kuijenga upya faharasa. Lakini angalia jambo moja. Hitilafu hiyo, iliyo mbaya kuliko zote nilizozitaja, haikuja na ujumbe wa kosa. Ilikuja kimya. Basi hata hoja ya mpinzani inarudi palepale: cha kuogopwa ni ukimya, na kelele ni rafiki.

Tutajuaje basi nani mwenye hatia? Kwa uchunguzi, wala si kwa mori. Chukua nakala ya data ile ile na ulizo lile lile, uyaulize matoleo yote mawili, uyaweke majibu kando kwa kando. Linganisha mipangilio ya seva mbili hizo, maana mara nyingi kilichobadilika ni mipangilio tu. Lipunguze ulizo kipande kwa kipande mpaka libaki dogo kabisa lenye kuleta tofauti. Soma maelezo yanayotolewa pamoja na kila toleo, hasa sehemu ya mambo yasiyopatana na matoleo ya nyuma; karibu yote niliyoyataja humu yameandikwa wazi na waundaji wenyewe. Mwisho, na hili ndilo linalorukwa, chukua mwanachama mmoja, shika kalamu, kokotoa jibu lake kwa mkono. Tusipofanya hivyo tunapima jibu jipya kwa jibu la zamani, kana kwamba la zamani lilikwisha thibitishwa na mtu. Nani alilithibitisha? Lilikuwa limezoeleka tu.

Labda msomaji atauliza kwa nini nakasirika hivi kwa sababu ya jambo la mafundi. Nakasirika kwa sababu ya anayelipa. Ulizo likidanganya, fundi halipi kitu, na meneja halipi kitu. Anayelipa ni yule mama aliye upande wa pili wa dirisha, mwenye kitabu chake mkononi, anayesema salio lake ni 90,000, akajibiwa kwamba kompyuta imesema 40,000. Mbele ya kompyuta neno lake halina uzito. Na yule mwingine ambaye ripoti imemzidishia, akapewa mkopo asioweza kuulipa, naye atalipa siku yake ikifika.

Nani anadhani nimetia chumvi, autazame mkasa wa posta ya Uingereza. Haukuwa mkasa wa kupandisha toleo, lakini ulikuwa mkasa wa kuiamini kompyuta kuliko mtu. Kati ya 1999 na 2015 waendeshaji wa ofisi ndogo za posta zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa upungufu wa fedha, ushahidi ukitoka katika mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Wapo waliofungwa. Wengi walisema tangu mwanzo kwamba hesabu za mfumo hazikuwa za kweli, nao hawakusikilizwa. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta hukumu nyingi kwa mkupuo. Miaka ya watu haikurudishwa na sheria hiyo.

Kwa hiyo nawaambia mafundi wenzangu: ulizo likikataliwa, usianze kwa kutafuta namna ya kulinyamazisha kosa. Usome kwanza ujumbe wake, ujiulize kama swali linaloulizwa ni la haki. Likiwa la haki, lijibu. Nanyi viongozi wa vyama na ofisi, fundi akiwaambia anahitaji siku tatu badala ya dakika moja, msimwone mzembe. Muulizeni yule wa dakika moja amefanya nini.

Tena kuna kazi moja ambayo karibu kila mtu huikwepa. Ulizo likishanyooshwa, ripoti ya mwezi huu itakuwa sahihi. Na zile za nyuma je? Ikiwa toleo jipya limetuonyesha kwamba ulizo halikusema salio lipi, basi halikusema hivyo mwaka jana wala mwaka juzi, na karatasi zilizotoka humo zimo majumbani mwa watu, zimetumika kutoa mikopo na kukataa mikopo. Kunyoosha ulizo na kunyamaza ni nusu ya uaminifu. Ripoti za nyuma zirudiwe, tofauti zitafutwe, na wenye fedha zao waitwe waambiwe. Mwanachama nambari 114 hajui MySQL ni nini wala hana haja ya kujua. Ana haki ya kujua kwamba Juni alipoambiwa ana 40,000, zilikuwa 90,000, na kwamba aliyebisha dirishani siku ile alikuwa akisema kweli.